Saa ya mwili haisomi tabelo ya posti

Hapa Hewa Bora, ukipita asubui utasikia mama anakataza watoto: "Musifanye makelele, baba analala." Baba hata halali. Bati linawaka jua, anageuka-geuka tu, na jioni bisi ya kazi inakuja kumuchukua tena.

Wakubwa wa kazi wanatuambia: "Mutazoea." Sisi wa sendika tunakataa. Mwaka 2017 Waamerika watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa prizi Nobel: walionyesha, kwa vijinzi vya matunda, namna jeni fulani zinaamka na kulala kila masaa 24. Ile saa tunayo sisi wote, na mwangaza wa jua njo unaiweka sawa.

Hata samaki wanayo. Kule Somalia kuna samaki kipofu wa mapangoni. Ukoo wake umekaa gizani zaidi ya miaka milioni moja. Leo saa yake inazunguka karibu masaa 47, na mwangaza hauigusi tena. Yeye alizoea, ndiyo. Lakini macho yalimutoka! Sisi tunabadilishiwa posti kwa siku chache tu.

Tena ile saa inazeeka. Katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, kuna samaki mdogo wa madimbwi, mwenye maisha mafupi. Watu wa sayansi wa Uhispania walimufuata mpaka uzee wake, wakaona mwendo wake wa mchana na usiku unalegea. Kwa binadamu ni karibu vile vile: nguvu ya saa inashuka, usingizi unakuwa mwepesi, unakatika mapema. Kijana wa miaka 25 anatoka posti ya usiku anaenda kucheza mupira. Mwenzake wa miaka 50 anatetemeka, na ni yeye tunamupa kamio kubwa kuliko nyumba yake.

Sheria ya kazi ya 2002 inahesabu usiku kutoka 19 h mpaka 5 h, na kila mara tunabishana juu ya primu tu. Primu ni haki, hatuiachi. Lakini Mkataba namba 171 wa BIT, wa 1990, unaomba zaidi: munganga apime mfanyakazi bila malipo mbele ya kuingia usiku, arudilie kila kipindi, na asiyeweza tena apewe kazi inayofanana pale inawezekana.

Ile njo tunataka delege wetu waweke mezani katika mapatano yanayokuja, na wazee wa miaka 50 watoke usiku bila mshahara wao kuguswa.