TAHARIRI: TUKAGUE KILIMA KABLA YA MVUA

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Mvua za vuli zinakaribia. Majembe yamenolewa, mbegu za pamba zinaulizwa kila siku, na hiyo ni vema. Lakini nani kapanda kilimani kutazama? Hakuna.

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha Katesh, wilaya ya Hanang, na sehemu ya Mlima Hanang ikameguka. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi mjini. Zaidi ya watu 80 walikufa. Serikali ilieleza kwamba sehemu ile ilikuwa na miamba laini, ikanyonya maji mpaka ikazidiwa.

Wapo wanaosema, "Hanang ni mbali, hapa kwetu ni vilima tu." Ni kweli. Lakini hata kilima kidogo huporomoka kikikatwa miti juu na kuchimbwa chini. Sisi tumefanya yote mawili: juu mkaa, chini udongo wa matofali. Mimi mwenyewe nilichimba pale, sijitoi. Sasa nyumba za wenzetu zipo chini ya ukingo ule.

Basi Jumamosi hii saa 1 asubuhi twende wote tukakague. Dalili za hatari ni hizi:

1. Ufa mpya ardhini, juu ya mteremko.
2. Mti au nguzo iliyokuwa wima, sasa imeinama.
3. Maji kutoka ardhini mahali ambapo hapakuwa na chemchemi, au chemchemi kugeuka tope.
4. Mvua inanyesha lakini maji ya korongo yanapungua ghafla. Maana yake juu kumeziba. Usingoje! Kimbilia pembeni penye mwinuko, usifuate korongo.

Redio ikitoa tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, wenye nyumba zile wakalale kwenye ghala la ushirika. Sungusungu walinde mali zao, asiwepo wa kubaki ati anaogopa wezi. Dalili ikionekana usiku, pigeni mwano.

Tena tusisahau miti. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, watu walihimizwa kurudisha ngitili na ardhi ikapona. Kilima kile nacho tukifanye ngitili. Asikate mtu, asichimbe mtu, kuanzia mimi.

Kulala ghalani usiku mmoja ni usumbufu. Kufukua wenzetu kwenye tope ni msiba.

Kinga ni bora kuliko tiba.

Katibu