MBOLEA YA RUZUKU IPIMWE MARA MBILI

Neno la leo ni Ezra 8:24-34. Fungua Biblia usome mwenyewe, kisha rudi hapa.

Ezra alipowakabidhi makuhani fedha na dhahabu za nyumba ya Mungu, hakusema, "Hawa ni watakatifu, twende tu." Aliwapimia. Walipofika Yerusalemu, siku ya nne vikapimwa tena, kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa. Kama makuhani walipimiwa, karani wa ghala la serikali ni nani asipimiwe?

Ndiyo, nasema juu ya mbolea. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulishushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka 2023 ukawa 2,500. Tunamshukuru Mungu, na serikali ipewe heshima yake. Lakini ile tofauti hulipwa na nani? Ni mama mboga anaponunua sukari, na mtu wa boda anapojaza mafuta. Ni kodi yetu. Tusiambiwe tumepewa zawadi, eti mpewa haulizi.

Na sababu ya kuuliza tunayo. Mwaka 2024, msimu wa kupanda, mbolea ghushi ilipatikana katika maghala ya NCPB. Mkulima alijiandikisha kwa chifu, akangoja ujumbe kwa simu, akalipa, akabeba, akapanda. Hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo ilipofika kwa kamati ya Bunge, kamati ikasema kwa kura 7 dhidi ya 4 kwamba madai hayakuthibitishwa. Sawa. Lakini mahindi hayasomi ripoti ya kamati. Msimu ukipita umepita, na karo ya mtoto haingoji.

Kuna mpendwa atanijibu na Warumi 13, kwamba mamlaka yatoka kwa Mungu. Amina! Sura hiyo hiyo inamwita mtawala mtumishi. Mtumishi asiyetoa hesabu amejigeuza mwenye mali. Samweli, nabii mzima, alisimama mbele ya Israeli akauliza amechukua ng'ombe wa nani (1 Samweli 12). Hakujificha nyuma ya upako.

Tunataka nini basi? Si majina wala namba za simu za wakulima. Kila ghala libandike ukutani kila wiki: mifuko mingapi imeingia, nani aliileta, ilipimwa ubora ikaonekanaje, mingapi imeuzwa kwa kila wadi, mingapi imebaki. Karatasi moja tu! Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kujua, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua. Wakinyamaza, nenda kwa Ombudsman. Kuomba na kufunga hakuzuii kalamu.

Na sisi wachungaji tusikie. Kanisa lisilosoma hesabu ya sadaka mbele ya washirika halina mdomo wa kuuliza ghala. Na madhabahu iliyopokea bahasha ya mheshimiwa Jumapili haiwezi kumuuliza kitu Jumatatu.

Baba, wape wakulima wetu mbegu njema, mvua kwa wakati wake, na mizani ya haki. Kila kilichofichwa gizani kilete nuruni. Katika jina la Yesu.

Kama unaamini, andika AMINA, kisha umtumie mkulima mmoja ujumbe huu.