Maoni manne yatakayoniletea maneno

Mwezi huu zamu ya kuandika imeniangukia mimi. Wenzangu wameandika mambo mazuri ya kutia moyo. Mimi leo sitatia moyo. Nina maoni manne ambayo nikiyasema bombani au kwenye kibanda cha kuchajia simu, watu wananikatalia kabla sijamaliza. Hapa mtanisoma mpaka mwisho, halafu ndiyo mnikatalie.

La kwanza: shikamoo haijamuua mtu.

Hili ni dogo, nalipita haraka. Wazee wetu wanalalamika kwamba sisi vijana tumekuwa Watanzania. Eti tunasema shikamoo, eti tumeacha Kibembe, eti Kiswahili chetu si kile cha Fizi na Uvira. Na vijana wengine nao, wakitaka kuonyesha kwamba ni Wakongomani kweli, wanakataa kabisa kumwamkia mwalimu au polisi Mtanzania kwa shikamoo. Jamani. Kambi hii ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Mimi nimezaliwa humu. Kama mtu amezaliwa Kigoma, amecheza mpira Kigoma na ameugua malaria ya Kigoma, ulimi wake utatoka wapi? Namwamkia mama yangu "jambo mama", namwamkia nesi wa zahanati "shikamoo", na wote wawili wanajua nimewaheshimu. Kama unataka tujue Kibembe, kaa na sisi jioni utufundishe. Kutucheka hakufundishi.

La pili: picha za msaada zipungue.

Hapa najisema na mimi mwenyewe, kwa sababu hiyo simu nimewahi kuishika. Najitolea kwenye ugawaji, na mara nyingi naambiwa nipige picha wakati watu wanapokea. Sawa, naelewa. Waliotoa pesa wanataka kuona pesa imekwenda wapi, na bila ushahidi mwakani hakuna kitu. Sikatai kazi hiyo.

Lakini kuna siku tuligawa mablanketi, na bibi mmoja alikuwa amesimama kwenye foleni tangu asubuhi. Alipofika mbele akaambiwa ashike blanketi juu kidogo na acheke. Akatutazama sisi wote, akauliza: "Nikicheka ndiyo litaongeza joto?" Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana ni mimi niliyekuwa nimeshika simu. Nilijiuliza, huyu angekuwa mama yangu ningemwambia acheke?

Sisi vijana ndio tumechukua tabia hii na kuipeleka mbali zaidi. Kijana akimpelekea yatima sabuni mbili, anabandika picha sita. Sabuni itaisha ndani ya wiki mbili, ile picha ya mtoto amevaa shati lililochanika itabaki mpaka awe baba wa watu. Maoni yangu: piga picha mzigo, piga picha foleni kwa mbali, piga picha mikono. Ukitaka uso, muulize mwenye uso kabla hajapewa kitu chochote, siyo wakati anakisubiri. Mtu mwenye njaa hawezi kukuambia hapana.

La tatu: ndugu zetu waliokwenda ng'ambo si benki.

Hili najua litaniletea maneno nyumbani kwetu kabisa. Tuna desturi kwamba mtu akishapanda ndege, siku ya pili anaanza kutumiwa ujumbe. Mtoto anaumwa. Ada. Harusi. Simu imevunjika kioo. Asipojibu tunasema amebadilika, amekula hela za wazungu akasahau ugali na sombe. Wengine wanamtoa kwenye maombi.

Kuna kitu ambacho wengi hawajui, au wanajua na wanajifanya hawajui. Ile tiketi ya ndege ya kwenda Marekani si zawadi, ni mkopo. Kabla ya kuondoka familia inasaini kwamba itarudisha, na ikishafika kule inaanza kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Baba wa watoto sita anafika akiwa na deni la tiketi nane, na bado hajajua basi linasimama wapi. Kaka yangu wa ukoo yuko kule, anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha kukata nyama. Alinitumia sauti saa za kule za alfajiri, anaongea polepole kama mgonjwa. Akasema: "Mdogo wangu, vidole havikunji. Lakini usimwambie mama."

Usimwambie mama. Kwa nini asimwambie? Kwa sababu tumemwekea sheria kwamba aliyefika hana ruhusa ya kuchoka. Anapiga picha mbele ya gari la jirani, sisi tunapenda ile picha, na foleni ya wanaoomba inaongezeka. Sisemi msaada ukatazwe. Kuna dada ambaye upasuaji wake ulilipwa na kaka aliye mbali, na yuko hai. Nasema tuulize kwanza "umelalaje?" kabla ya "tutumie." Na kioo cha simu tujinunulie wenyewe.

La nne: tuache kuulizana "kesi yenu ilifika wapi?"

Hili ndilo lililonifanya niandike. Hapa kambini hiyo ndiyo salamu yetu. Watu hawaulizani tena habari za masiku. Ukikutana na mtu sokoni, bombani, msibani hata, kabla jasho halijakauka: "Kesi yenu ilifika wapi?" Na jibu ni lile lile: "Bado tunangojea. Mungu atafanya." Mwenye kesi anaheshimiwa, asiye na kesi anahurumiwa kama mtu ambaye hajapata mtoto. Nimeona kijana ambaye hana kazi wala tabia akipewa mke kwa sababu tu familia yao imeitwa kwenye mahojiano. Nimeona binti mzuri, anayejua kushona, akiachwa kwa sababu kwao faili halijafunguliwa.

Mtasema naongea kwa wivu. Kwa hiyo wacha niwaambie ya kwetu.

Sisi tuliitwa 2018. Nilikuwa mwaka wa tano wa sekondari, umebaki mwaka mmoja nifanye Exetat. Baada ya mahojiano ya kwanza mama alirudi nyumbani akaimba mpaka usiku. Mimi nikaacha shule. Hakuna aliyenifukuza. Nilijiambia, diploma ya Kongo nitafanya nayo nini Marekani? Kule nitaanza upya. Baba alikuwa anataka kuongeza chumba, akaacha, matofali yakaloa mvua yakarudi kuwa udongo. Jirani yetu alituletea miche ya mpapai, mama akamwambia: "Ya nini? Sisi hatuko ba hapa." Jirani akaipanda kwake.

Tukaitwa tena. Tukapimwa afya. Tukaambiwa tusubiri. Tukasubiri mpaka vipimo vikaisha muda, tukapimwa upya. Ikaja corona, kila kitu kikasimama. Wenzangu wa darasani wakamaliza, mmoja akawa mwalimu pale pale shuleni. Mimi nilikuwa nakwenda kila wiki kuangalia majina yaliyobandikwa ubaoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kusoma ubao.

Mwaka 2022 nilirudi shule. Nilikaa benchi moja na wadogo wa rafiki zangu, na yule mwenzangu ndiye aliyekuwa anatusahihishia madaftari. Aliniita "kaka" mbele ya darasa zima ili nisione aibu. Nilimaliza. Kesi bado haijamalizika mpaka leo. Na mipapai ya jirani? Mpapai ukitunzwa unaanza kuzaa baada ya mwaka mmoja hivi. Hesabu mwenyewe ni misimu mingapi tumenunua mapapai kwa jirani, ya miche ambayo ilipita kwanza mlangoni kwetu.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 20, siku ile ile alipoapishwa, Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Watu waliokuwa na tiketi wakaambiwa safari hakuna. Kwenye kijiji chetu kuna mama alikuwa ameshauza sufuria, kitanda, mbuzi wawili na mlango. Ndiyo, na mlango. Alikuja kutuazima sufuria ya kupikia, na bombani bado kuna mtu alimuuliza: "Mama, kesi yenu ilifika wapi?" Sikuwahi kuona swali linampiga mtu vile. Aliweka ndoo chini akaondoka bila maji.

UNHCR wenyewe wanasema kila mwaka wanaopelekwa nchi ya tatu ni chini ya asilimia 1 ya wakimbizi wote duniani. Chini ya mmoja kwenye watu mia. Hiyo ilikuwa hata kabla ya mlango wa Marekani kufungwa. Sasa sisi tumejenga salamu zetu, ndoa zetu, heshima zetu na shule zetu juu ya huyo mmoja, na wale tisini na tisa tumewaambia wakae wamefunga mizigo.

Najua mtakachosema. Kwanza mtasema, bila hilo tumaini tutashikilia nini? Kutoka kambini ni kwa kibali, mashamba hatuna, kazi za kweli hatuna, tunachopata sisi wa kujitolea ni posho tu. Kurudi Kongo nako ni kurudi wapi? Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na watu bado wanakimbia. Yote hayo ni kweli, siwezi kubisha hata moja. Pili mtasema kuna watu ambao bila kuhamishwa watakufa: mgonjwa ambaye dawa yake haipatikani, mtu anayewindwa hata humu ndani. Hao kesi yao ifuatiliwe mchana na usiku, na sisi tuwapishe mbele.

Sijasema mtu afute kesi yake. Yangu sijaifuta, wakiniita kesho nitakwenda nimevaa shati safi. Ninachokataa ni kuishi kama mtu aliyesimama stendi miaka saba, hakai kwa sababu basi litakuja, hali kwa sababu atakula akifika. Kesi iwe kama bahati nasibu uliyonunua ukaiweka mfukoni. Huachi kulima kwa sababu una tiketi mfukoni.

Na nyie wafanyakazi wa mashirika, nina neno moja na nyie, kwa heshima. Mtu akiwauliza ataitwa lini, msimwambie "karibuni." Najua mnasema kwa huruma, hamtaki kumvunja moyo. Lakini "karibuni" yenu mtu anaibeba mpaka nyumbani, anamwachisha mtoto shule nayo. Kama hujui, sema sijui. Sijui inauma siku moja tu. Karibuni ilinila miaka minne.

Basi tuulizane nini? Mbona maswali yapo. Mtoto amefika darasa la ngapi? Ile cherehani imepona? Mnajifunza nini pale kituoni? Bibi analala vizuri? Hata "mmekula nini jana" ni swali zuri zaidi, maana linaweza kujibiwa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa yule jirani nikaomba miche miwili. Alinitazama kwa muda akasema: "Mama yako anajua?" Nikamwambia hajui. Nimeipanda nyuma ya jiko. Mama aliiona siku ya pili, hakusema kitu. Jioni nilimkuta anaimwagia maji ya kuoshea vyombo, nikajifanya sijamwona.