Moyo unapolemewa na njia ya mkato

TANGU mwaka wa 2015, serikali ilipokodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali za kaunti, wagonjwa wengi wa figo wamesogezewa mashine za kusafisha damu. Hilo ni la kupongezwa. Lakini lipo suala lisilozungumzwa sana.

Ili damu isafishwe kwa urahisi, daktari wa upasuaji huunganisha ateri na vena mkononi. Damu hupita hapo kwa kasi, bila kupitia mishipa midogo inayolisha mwili. Kwa wengi njia hiyo ni salama, tena ni bora kuliko mpira wa shingoni uletao maambukizi. Kwa wachache, hata hivyo, hupanuka mno. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 kwa dakika. Njia ya mkato ikinyakua lita 2 au zaidi, moyo huenda ukatanuka na hatimaye kulemewa. Ajabu ni kwamba husukuma damu kupita kawaida, na bado mwili haushibi.

Miguu hufura, pumzi hukatika, na lawama zote hutwikwa figo. Jeraha la kisu au risasi pia laweza kuacha muungano kama huo.

Tangu Branham alipolieleza jambo hili mwaka wa 1890, madaktari wanajua kuwa muungano mkubwa ukibanwa kwa muda mfupi, mapigo ya moyo hupungua. Kipimo hicho, ambacho ni kazi ya daktari wala si ya mgonjwa, hakigharimu chochote. Mbona basi kisifanywe kila mgonjwa wa aina hii anapolalamikia pumzi? Muungano huweza kupunguzwa au kufungwa, na moyo mara nyingi hupata nafuu.