Kutu, Joto na Nati za Ekzosi

Katika gari kuukuu lililotumika miaka mingi karibu na bahari, iwe Tanga au Mombasa, ni nadra kukuta nati zilizo ngumu kufunguka kama zile za ekzosi. Zikikataa, mafundi wengi huchomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, wakavuta kwa uzito wa mwili mzima. Nati haifunguki, bolti hukatika. Na ikiwa bolti hiyo imepandikizwa ndani ya silinda hedi, kazi ya nusu saa yaweza kugeuka ya siku mbili, na mwenye gari akalipia ubabe ambao hakuuagiza.

Lililopungua hapo si nguvu. Chuma kikikutana na maji na oksijeni hufanya kutu, na chumvi ya upepo wa bahari huharakisha jambo hilo. Kutu huhitaji nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa. Katikati ya hesi za nati na bolti nafasi hiyo haipo. Basi kutu hujikaza humo kama kabari. Mbona nati za mlango wa gari lile lile hufunguka? Kwa sababu hazichomwi. Manifoldi ya injini ya petroli, ikifanya kazi nzito, hupita nyuzi 500 za Selsiasi, hali zinki inayopakwa juu ya nati nyingi ili kuzikinga huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi.

Yafaa basi kuanza na brashi ya waya, kisha mafuta mepesi ya kulegeza kutu. Mafuta hayo hupenya katika mianya midogo kama mafuta ya taa yapandavyo utambi wa kandili, na kama utambi, hayataki haraka: yaachwe usiku kucha. Kesho yake itumike spana ya pembe sita, nati ikazwe kidogo, ilegezwe kidogo.

Ikigoma, ipashwe moto. Hapa wanafunzi wengi hukosea, wakidhani kwamba tundu la nati hupungua chuma kinapotanuka. Tundu nalo hutanuka. Chuma cha pua huongezeka sehemu 12 hivi katika milioni kwa kila nyuzi moja. Tundu la milimita 10, likiongezewa nyuzi 300, hupanuka milimita 0.036. Ni kidogo mno kwa macho, lakini chatosha kuvunja mshiko wa kutu, mradi ipashwe nati, si bolti. Mafuta yafutwe kwanza, na moto usikaribie tangi, mabomba ya petroli wala ya breki.

Ikikataa hata hapo, ipasuliwe kwa tindo. Nati ni rahisi kununua. Silinda hedi siyo. Ajabu ni kwamba shule huonyesha kutu kwa msumari ndani ya neli ya majaribio, ilhali gereji ya jirani imejaa nati za namna hii, ambazo mwalimu angepewa bure kwa kuziomba tu. Nati mpya nazo ziwe za shaba nyeupe au nyekundu, zipakwe grisi ya shaba inayohimili joto, kabla hazijafungwa.