Nywele Zinapopungua Utu Uzimani: Stara Si Kujificha



Wiki hii twaingia katika jambo ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini, mlango umerudishwa na watoto wametumwa dukani: kupungua kwa nywele za mwanamke aliyekwisha kupita miaka hamsini. Kwa kuwa kila mmoja wetu hujifunika atokapo nyumbani, tumezoea kuambiana kuwa jambo hili si kitu; nani atakayeona? Lakini aonaye ni mwenyewe, mbele ya kioo chake, na mara nyingi hana wa kumwambia.

Sisi lilitufikia alasiri moja ya Alhamisi baada ya darsa, joto la kaskazi likiwa kali na umeme umekatika. Tulikuwa wanawake watano, wakaazi wa Bamburi, kutoka Mwembelegeza hadi Kiembeni, na wote tuna wajukuu. Mwenzetu mmoja alivua ushungi ajipepee, tukauona utosi wake. Alipotambua kuwa macho yetu yamekwama hapo, alicheka, kisha akalia. Ndipo alipotueleza kuwa usiku wa kupamba wa binti ya nduguye, wanawake walipovua mabuibui na kukaa na nywele zao zilizopambwa kwa asumini, yeye alibaki na buibui lake akisema ana homa. Tangu usiku huo hakukubali hata bintiye amtie mafuta kichwani.

Basi na sisi tukafungua vichwa vyetu. Mmoja panja zimerudi nyuma, mwingine mstari wa katikati umepanuka, mwingine nywele zake zajaa kitana kila asubuhi. Tukaafikiana kuwa Ramadhani ikimalizika, kuanzia Mfungo Mosi hadi Mfungo Sita, tutajaribu dawa za nyumbani. Kila mmoja achague moja asichanganye, na kila mwezi uandamapo apigwe picha ya utosi kwa simu, mahali pale pale penye mwanga wa dirisha, kwa maana jicho husahau. Leo twawapa hesabu ya miezi hiyo sita, tamu yake na chungu yake.

Kwanza yafaa tufahamu kinachotokea. Unywele mmoja hukua kwa muda wa miaka 2 hadi 6, kisha hupumzika miezi michache, hudondoka, na mwingine huota mahali pake. Mtu mwenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Kuziona chache katika kitana si maradhi. Hedhi ikomapo, homoni ya estrojeni hupungua mwilini. Muda wa kukua hufupika, na kila unywele mpya huweza kutoka mwembamba kuliko uliotangulia, hasa kwa mwenye asili ya jambo hili katika ukoo, uwe wa kwa mama au wa kwa baba. Ndipo mstari wa katikati unapopanuka, ilhali nywele za juu ya paji la uso husalia mahali pake. Tukumbuke pia kuwa nywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, na zetu za kipilipili huenda zikapungukiwa hapo. Kwa hiyo dawa inayoahidi matunda baada ya wiki mbili yaahidi lisilowezekana.

Wa kwanza wetu alichagua mafuta ya nazi, ya kupika mwenyewe: nazi iliyokunwa kwa mbuzi, tui zito likachemshwa kwa moto mdogo hata maji yakakauka na mafuta yakajitenga, kisha yakachujwa kwa kitambaa safi. Alijipaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha. Nywele zake zikawa laini, na zile zilizokuwa zikikatika kati kwa kati zikapungua. Jambo hili lina ushahidi. Mwaka 2003 watafiti wa India walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa mafuta ya nazi huingia ndani ya unywele na kuupunguzia upotevu wa protini wakati wa kuoshwa, jambo ambalo mafuta ya alizeti hayakulifanya. Lakini kuhifadhi unywele uliopo ni jambo moja, na kuotesha usiokuwapo ni jingine. Picha zake za Mfungo Sita zilionyesha mstari ule ule.

Wa pili alichagua mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita nyonyo. Ni mazito, hung'arisha nywele na kuzifanya zionekane zimejaa. Kuhusu kuotesha nywele, sifa zake ni nyingi kuliko ushahidi wake. Habari ya mwenzetu huyu tutairudia, kwani yake haikuwa ya mafuta.

Wa tatu aliroweka uwatu usiku kucha, akausaga na kuupaka kwa nusu saa kabla ya kuosha. Ule utelezi wake hulainisha nywele na kurahisisha kuchana, nao ukamfaa kwa hilo. Wajukuu, hata hivyo, hawakuacha kumwuliza leo bibi amepika nini. Utosi haukubadilika.

Wa nne alitumia mafuta ya rozimari, matone machache katika kijiko cha mafuta ya nazi, kwani mafuta makali ya namna hiyo hayapakwi matupu. Mwaka 2015 watafiti wa Iran waliyalinganisha na dawa ya hospitali iitwayo minoksidili ya asilimia 2, kwa wanaume 100 wenye upara wa kurithi. Baada ya miezi 6 makundi yote mawili yaliongezeka nywele kidogo, na tofauti baina yao haikuonekana. Hizo ni habari za kutia moyo, ila tuzisome kwa uangalifu: walikuwa wanaume watupu, na halikuwapo kundi lisilopakwa chochote la kulinganisha nalo. Mwenzetu anasema nywele zinazobaki katika kitana zimepungua. Picha zake hazijatupa hakika, na ameamua kuendelea.

Wa tano ni yule aliyelia. Yeye alikuwa na haraka, na sisi, kwa kumpenda, tukaongeza haraka yake. Tulimpa maji ya kitunguu kwa sababu tulikuwa tumesikia kuwa yamethibitishwa. Ni kweli kuwa mwaka 2002 watafiti wa Baghdad waliwapaka wagonjwa 23 maji ya kitunguu mara mbili kwa siku, na 20 kati yao wakaota nywele ndani ya wiki 6. Waliopakwa maji matupu walikuwa 15, wakaota wawili. Lakini wagonjwa wale walikuwa na maradhi mengine kabisa, yale yanayotoa nywele mviringo mviringo kama sarafu, na ambayo wakati mwingine hupona yenyewe. Hayakuwa kupungua kwa nywele kwa mtu mzima. Tulichukua dawa ya mlango mmoja tukaitia mlango mwingine.

Aliposema kichwa chamchoma, tulimwambia ndiyo dawa inafanya kazi. Akaongeza mafuta ya habasoda juu yake, makali, bila kuyachanganya na mengine. Heshima ya habasoda katika dini yetu haina shaka, wala si sisi wa kuipunguza. Lakini heshima hiyo haitupi ruhusa ya kusugua mafuta makali juu ya ngozi inayouma. Alivumilia miezi minne. Katika picha ya mwezi wa nne tuliona kuwa ngozi ya utosi inang'aa, laini kama kiganja, haina hata vile vitundu vya nywele. Bintiye alipoiona picha hiyo hakungoja ruhusa. Alimchukua hadi kwa daktari wa ngozi.

Daktari alimweleza kuwa hayo si mambo ya umri. Ni maradhi ya uvimbe wa ndani ya ngozi yanayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Kiafrika, huanzia utosini na kutambaa kwenda pembeni, na mahali yanapopita huacha kovu. Penye kovu nywele haioti tena, kwa dawa ya nyumbani wala ya hospitali. Yakiwahiwa, hupewa dawa za kutuliza uvimbe ili yasiendelee. Hakusema kuwa kitunguu ndicho kilichosababisha. Alisema kilichopotea ni muda. Neno hilo lilituuma sote watano, kwani muda ule tuliupoteza pamoja naye.

Sasa turudi kwa mwenzetu wa mbarika. Nywele zake zilikuwa zikitoka kichwa kizima, si utosini tu. Isitoshe, alikuwa mchovu, ameongezeka uzito, na anaona baridi hata katika jua la Bamburi. Kwa kuogopa yaliyompata mwenziwe, naye alikwenda kupimwa. Damu ikaonyesha kuwa tezi ya thairoidi iliyo shingoni inafanya kazi kwa unyonge. Amepewa vidonge, na nywele zaanza kurudi polepole. Angalisugua mbarika miaka kumi, tezi isingalijua kuwa inasuguliwa.

Kwa hiyo funzo letu ni la mpangilio, wala si la kuzikataa dawa za nyumbani. Kwanza tafuta sababu, kisha ndipo ufikirie mafuta. Nenda kituo cha afya bila kungoja ikiwa ngozi ya kichwa inachoma, inawasha au inang'aa. Ikiwa nywele zinatoka mviringo mviringo. Ikiwa zinatoka kwa mafungu ghafla. Au ikiwa kupungua kwake kumefuatana na uchovu, kukosa pumzi au kubadilika kwa uzito. Waombe wakupime damu, madini ya chuma na tezi. Wataje pia dawa zote unazokunywa, kwani baadhi yake huweza kupunguza nywele. Na ukikumbuka kuwa miezi miwili au mitatu nyuma uliugua homa kali, ulifanyiwa upasuaji au ulifikwa na msiba mzito, mwambie daktari; kutoka kwa nywele kwa namna hiyo mara nyingi huisha kwenyewe.

Ikiwa sababu ni umri na ukoo tu, minoksidili tuliyoitaja ni dawa inayojulikana. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, ikaonekana huotesha nywele, na ile ya kupaka ikaidhinishwa Marekani mwaka 1988 kwa wanaume na mwaka 1991 kwa wanawake. Hutaka subira ya miezi, na mtu akiiacha, faida yake hupotea. Wenye maradhi ya moyo na wanaotumia dawa za presha wasiianze pasi na kumwuliza daktari.

Yale ya nyumbani yana nafasi yake, nayo ni kutunza. Tia mafuta ya nazi kabla ya kuosha. Maji ya visima vyetu vya huku bara yana chumvi, nayo hukausha nywele. Ukipata maji ya mfereji au ya mvua, yaweke kwa suuzo la mwisho. Majani ya mkunazi yaliyosagwa hutoa povu jepesi, nayo huosha bila ukali. Hina safi huufunika unywele na kuufanya uonekane mnene, ijapokuwa haiotishi. Piko lakini ni jambo jingine: ndani yake mna kemikali ziwezazo kubabua ngozi na kuvimbisha uso, nasi tuwe waangalifu nalo vichwani mwetu na mikononi mwa mabibi harusi wetu. Usifunge ushungi juu ya nywele mbichi, wala usikaze kikofia cha ndani hata kikaacha alama. Na mabinti wetu tusiwasuke kwa kuwakaza hadi macho yakavutika, kwani panja zinazovutwa kwa miaka mingi huweza zisirudi tena.

Yabaki machache kuhusu moyo. Kujifunika ni stara, na stara ni ibada. Lakini stara ni kwa macho ya watu wa nje. Hatukuamrishwa kuwaficha maradhi yetu binti zetu, dada zetu na tabibu. Mwenzetu alijificha chini ya ushungi miaka miwili, na maradhi yakapata nafasi ya kutembea. Laiti tungalivuliana shungi zetu mapema, huenda utosi wake ungalikuwa na hali nyingine. Hilo ndilo linalotufanya tuandike leo kwa ruhusa yake, naye ametutaka tusipunguze chochote.

Maradhi yake sasa yametulia. Alama ya picha ya mwezi wa nne haijasogea. Nywele zilizobaki amezikata fupi. Mwezi jana palikuwa na kupamba kwingine katika ukoo, akaenda, akavua buibui, akakaa mstari wa mbele na kikuba chake kifuani. Wako waliotazama, kisha wakaendelea na ngoma. Kila Ijumaa asubuhi bintiye humtia mafuta ya nazi, kidogo kidogo, akiukagua utosi kwa vidole.

Leo jioni basi, kabla ya kulala, mwiteni mmoja mnayemwamini, mkae penye mwanga, na muangaliane vichwa. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na atujaalie uzee mwema. Tukutane wiki ijayo, inshallah.

Wabillahi tawfiq.