Vyuo vikuu vya Kongo na maonyesho ya Dar es Salaam: majibu kwanza, mabango baadaye

Kila mwaka mwezi wa Julai, muda mfupi baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa nchini Tanzania, viwanja vya Mnazi Mmoja jijini Dar es Salaam hujaa vibanda vya vyuo vikuu. Maonyesho hayo huandaliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Kijana anafika na matokeo yake mkononi, mzazi yuko pembeni, na pengine maombi ya nafasi yanajazwa siku hiyohiyo. Vyuo vya Tanzania vinakuwepo, na vya nje pia, vyenyewe au kupitia mawakala wao, kuanzia India hadi Ulaya.

India iko mbali na Dar es Salaam kuliko Lubumbashi. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipoingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, wazo la kuwavuta wanafunzi wa nchi jirani linarudi mara kwa mara katika hotuba za wakubwa wa vyuo. Ni wazo zuri, na wala si jipya. Chuo kikuu kilichoanzishwa Élisabethville mwaka 1955, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kilibeba ndani ya jina lake Kongo pamoja na Ruanda-Urundi. Tangu siku ya kwanza kilitazamiwa kufundisha watu wa ng'ambo ya mpaka.

Taabu iko katika namna safari hizi zinavyopangwa kwetu. Kwanza inaundwa kamati, halafu orodha ya watakaosafiri, halafu bajeti ya mabango, fulana na kalamu zenye nembo. Swali la nini kitakachoandikwa katika karatasi atakayopewa mzazi linafika mwisho, pengine usiku wa kuamkia safari. Hapo chuo kinalipa kibanda, kinapiga picha mbele yake, na kinarudi na daftari la majina ambalo hakuna atakayelifungua.

Chuo chenye nia ya kweli kianze na swali gumu: kinauza nini? Kupeleka orodha ya fakilte zote ni kama kutopeleka kitu. Mtanzania anayetaka kusomea sheria ya nchi yake au ualimu hana sababu ya kupanda basi hadi Tunduma, kuvuka Zambia nzima na kuingia Kasumbalesa. Lakini kijana wa Geita anayetaka jiolojia au uchimbaji wa madini anaweza kuwa na sababu, kwa maana Haut-Katanga na Lualaba ni shaba na kobalti, na migodi iko mlangoni mwa chuo. Anayependa misitu na mazingira anaweza kusikiliza habari za Kisangani, penye kituo cha kuchunguza bayoanuwai, na Yangambi iko karibu na utafiti wake wa kilimo na misitu wa tangu zamani. Tena kuna Kifaransa. Mtu wa Dar es Salaam anayetaka kukijua barabara anaweza kukisoma Lubumbashi darasani kutwa nzima, kisha jioni akanunua mkaa na nyanya kwa Kiswahili. Miji inayoweza kumpa hayo yote mawili si mingi.

Kozi mbili au tatu zinatosha, zenye nafasi chache zinazojulikana idadi yake. Hilo linajibu pia lawama ambayo hakika itatoka kwa wanafunzi wa hapa: mnatafuta wageni vipi na sisi tunasikiliza masomo tumesimama dirishani? Lawama hiyo ni ya haki. Chuo ambacho mwaka wa kwanza umejaa hadi kwenye ngazi hakiwezi kwenda kuutangaza mwaka wa kwanza ng'ambo. Kinaweza kutangaza nafasi 20 za masta katika idara yenye maabara na walimu, ikiwa kweli vipo.

Baada ya hapo inakuja kazi ya makaratasi, na hapa ndipo mtu anaweza kuumia. Mzazi wa Tanzania ataulizia mambo mawili: mtoto wangu anaingia kwa alama gani, na akirudi nyumbani cheti chake kitatambuliwa? Kwa TCU, kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza kwa aliyemaliza kidato cha sita ni ufaulu mkuu katika masomo mawili wenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Kongo inahesabu kwa asilimia za diploma ya Serikali, 50 ikiwa ndiyo mpaka wa kufaulu, na kuna fakilte zinazodai zaidi. Pointi 4 za Dar es Salaam ni asilimia ngapi za Lubumbashi? Jibu haliwezi kutungwa kibandani na mjumbe mwenye haraka. Linapaswa kuamuliwa na baraza la chuo, likubaliwe na wizara ya elimu ya juu, liandikwe na litiwe sahihi.

Cheti cha mwisho kina mtego wake. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD umeenezwa katika vyuo vyetu: miaka 3 ya lisansi, 2 ya masta, 3 ya udaktari wa falsafa, na krediti 60 kwa kila mwaka. Mfumo wa zamani ulikuwa na graduati ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Kwa hiyo neno lisansi lina maana mbili nchini mwetu, na mwajiri wa Dodoma hawezi kujua ni ipi kama hakuna aliyemwandikia. Afadhali yeye, kwa maana Mtanzania wa kawaida akisikia lisansi atafikiri ni leseni ya biashara au ya udereva! Neno diploma ni hatari zaidi. Kwetu ni cheti cha kumaliza sekondari. Kwao diploma ni stashahada, ambayo mtu anaisomea chuoni baada ya sekondari. Kijana wa Tanzania akiambiwa kwamba chuo fulani cha Kongo kinadai diploma, ataona mlango umefungwa na kwenda kibanda cha pili.

Ndiyo maana karatasi ya kugawa iandikwe kwa Kiswahili cha shuleni, si kwa Kifaransa kilichogeuzwa neno kwa neno wala kwa Kiswahili cha mitaa ya Lubumbashi ambacho sisi wenyewe tunakipenda. Wao wanasema kitivo, udahili, msajili, shahada ya kwanza, shahada ya uzamili. Aisome mwalimu mmoja wa Kiswahili kabla ya kwenda kwa mchapaji. Iseme wazi pia kwamba masomo yanatolewa kwa Kifaransa, na kama kuna miezi ya kujifunza lugha kabla ya masomo, ni mingapi na inagharimu kiasi gani. Asiyeambiwa hilo mapema atakaa oditwari mwaka mzima bila kuelewa, na atakayelaumiwa ni yeye.

Kuhusu kutambuliwa kwa vyeti, njia zipo. TCU ndiyo inayotambua shahada za vyuo vya nje, na Mtanzania anayekwenda kusoma ng'ambo huomba kwake cheti cha kutokuwa na pingamizi. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, lina mfumo wa sifa za elimu ya juu kwa nchi za Jumuiya. Ubalozi wa Kongo upo Dar es Salaam, na ubalozi mdogo wa Tanzania upo Lubumbashi penyewe. Kuandika barua kwa ofisi hizi nne hakugharimu hata tiketi moja ya ndege. Barua ziondoke mwezi wa Novemba au Desemba, kwa ajili ya maonyesho ya Julai. Zikiandikwa mwezi wa Juni, ujumbe utafika Mnazi Mmoja ukiwa na ahadi tu.

Kwa kozi zenye bodi za kitaaluma tahadhari iwe mara mbili. Daktari aliyesomea nje hafanyi kazi Tanzania kabla ya kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Chuo ambacho hakijaliuliza baraza hilo kuhusu masharti yake kisitangaze kozi ya udaktari. Miaka zaidi ya mitano ya ujana wa mtu, pamoja na ng'ombe wa baba yake, si kitu cha kufanyia majaribio.

Halafu kuna kalenda. Mwanafunzi anayepata nafasi mwezi wa Julai atafika Oktoba na sanduku lake. Je, mwaka wa masomo utakuwa umeanza? Kila anayevijua vyuo vya serikali nchini anajua kwamba mwaka mpya huweza kusubiri mwaka wa zamani umalizike, na kwamba mgomo wa maprofesa unaweza kusogeza kila kitu. Chuo hakiwezi kuahidi kwamba mgomo hautatokea. Kinachoweza kufanya ni kutomwita mgeni kabla ya tarehe kuthibitishwa, na kumrudishia feza zake tarehe hiyo ikivunjika. Sharti hilo liandikwe.

Na feza zenyewe? Karo ya mgeni itajwe yote kwa pamoja: kuandikishwa, masomo, mitihani, karatasi za kumaliza masomo, gharama za ukaazi katika ofisi za DGM, chumba cha kulala. Wanafunzi wetu wanafahamu namna ada ndogondogo zinavyozaliwa katikati ya mwaka bila mzazi. Mwana wa nyumbani atalalamika kisha atalipa. Mgeni atapiga simu kwao, na mwaka utakaofuata hakuna jirani yake atakayekuja. Mtu yeyote asipokee hata senti moja kibandani. Malipo yaende kwenye akaunti ya benki ya chuo, na namba yake iwe imechapwa kwenye karatasi. Vilevile kwa mawakala: Tanzania ina utaratibu wa kuwasajili wanaopeleka wanafunzi nje, na chuo kinachotaka kumtumia wakala kiulize kwanza TCU kama jina lake lipo. Wakala anayelipwa kwa kila kichwa ana sababu ya kuahidi bahari kwa mji usio na bahari.

Kuna swali ambalo kila mzazi ataliuliza, na wajumbe wengi watatamani kulikwepa. Ni usalama. Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23 Januari 2025, Bukavu mwezi uliofuata, na habari hizo zilisikika Dar es Salaam kama zilivyosikika hapa. Mzazi hatatofautisha Lubumbashi na Goma isipokuwa aonyeshwe ramani. Basi ramani iwepo mezani, yenye umbali ulioandikwa, na mjumbe aseme ukweli kuhusu mji wake: usiku ukoje, wanafunzi wanalala wapi, nani anapigiwa simu likitokea jambo. Kujibu kwamba kila kitu ni shwari ni kumkosea mzazi, na ni kuwakosea pia maprofesa na wanafunzi wa Kivu wanaoendelea na masomo katika hali ambayo wengine hawaijui.

Hivyo nani asafiri? Rekta akitaka kwenda aende siku moja, asalimiane na wenzake, asaini makubaliano kama yapo. Kibanda kinahitaji watu wengine: mtu wa ofisi ya kuandikisha wanafunzi anayejua kila karatasi, mwalimu mmoja wa kozi inayotangazwa, na mwanafunzi mmoja au wawili wanaoongea Kiswahili bila kuhangaika. Kijana ataamini zaidi maneno ya kijana mwenzake kuhusu bei ya chumba na ladha ya bukari kuliko hotuba ya mtu mwenye tai. Wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaijua njia hii tangu zamani. Kariakoo, wanakonunua vitenge na vifaa vya simu, ni jirani wa Mnazi Mmoja. Hawapeleki wajumbe kumi kununua mzigo. Anakwenda mmoja anayejua bei.

Ikiwa feza za ujumbe mkubwa zipo kweli, zipo feza za kumlipa mfanyakazi mmoja wa kujibu simu na barua. Ndiye anayehitajika kuliko wote. Maonyesho yakiisha, maswali yanaanza kuingia Agosti, wakati ambapo chuo kiko katika likizo au mitihani, na ofisi ya kuandikisha imezama katika faili za wanafunzi wapya wa mtihani wa taifa. Namba ya WhatsApp iliyochapwa kwenye karatasi ni ya nani? Ikiwa ni simu binafsi ya mjumbe aliyerudi na kuendelea na kazi zake nyingine, kijana wa Mbeya atauliza mara moja, atauliza mara ya pili, kisha ataona ujumbe wake umesomwa na haujajibiwa. Wakati huo dirisha la maombi la vyuo vya kwao litakuwa linafungwa. Kamati za maandalizi zikikutana mwaka huu, jina la mwenye simu hiyo liandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa bajeti, juu ya fulana na kalamu.